Karatasi Tatu za Nyumba ya Kiponda

Jumatano moja, kiasi cha saa nne za asubuhi, Mcha Msabah aliitwa chumbani kwa Mwenyekiti. Mwaka ulikuwa 1969, na Unguja ya miaka hiyo mtu akiitwa hakuuliza anaitiwa nini. Masoud, aliyekuwa akikaa meza ya pili kutoka yake, aliitwa Alkhamisi akiwa na kalamu mkononi, na ilipita miezi minne ndipo mkewe akapata habari kuwa yu hai.

Mcha alikuwa msimamizi wa michoro katika kamati iliyokabidhiwa kutengeneza upya baadhi ya majumba ya Mji Mkongwe. Yeye ndiye aliyepima nyumba, akachora namna itakavyobadilishwa, kisha akahakikisha mafundi hawaendi kinyume na mchoro. Mwenyekiti wa kamati, Abrahman Jaku, hakuwa fundi. Alikuwa mtu wa kuamrisha na kuhimiza, mwenye sauti ya chini ambayo watu waliiogopa kuliko kelele.

Juu ya meza yake zilikuwapo karatasi tatu zilizopigwa taipu.

"Zisome," alisema.

Mcha alisoma amesimama. Ulikuwa waraka juu ya nyumba ya mtaa wa Kiponda, ile ya ghorofa mbili ambayo chini yake kamati ilitaka kuvunja ukuta wa kati ili vyumba viwili virefu viwe ukumbi mmoja. Waraka ulisema ukuta ule usiguswe. Ulieleza kuwa boriti za dari zimekutana juu yake, kila upande futi kumi, na kwamba ukitoka ukuta hakuna kitakachozishika. Kila jambo lilifuatwa na mahali lilipotolewa: ripoti ya Mcha Msabah ya mwaka 1963, ukurasa fulani, tena Mcha Msabah, ukurasa fulani. Chini ya karatasi ya tatu hapakuwa na jina.

"Umetajwa mara ngapi humo?" aliuliza Mwenyekiti.

"Sijahesabu, Ndugu Mwenyekiti."

"Mie nimehesabu. Mara saba. Sasa nambie, nani atakutaja mara saba kama si wewe mwenyewe? Na unajitaja kwa kazi uliyomfanyia Muingereza, kana kwamba sie hatujui kujenga."

"Wallahi si mie," alisema Mcha.

"Basi ni nani? Nakala tatu zimetiwa chini ya milango ya wakubwa. Mimi nimeulizwa mbele ya watu, sina jibu." Mwenyekiti alizikusanya karatasi na kumpa. "Una mpaka Jumamosi. Ukinletea jina, sawa. Usiponletea, ntapeleka lako."

Mcha alitoka na ule waraka kaubana kwapani. Hakuweza kukaa mezani. Alikwenda msalani akafunga mlango, akausoma tena tangu mwanzo.

Kilichomuuma zaidi ni kuwa waraka ulisema kweli, na kweli hiyo alikuwa akiijua kuliko mtu yeyote. Mchoro wa kuvunja ukuta ulitoka mkononi mwake. Miezi miwili nyuma, kwenye kikao, alijaribu kusema kwamba boriti zile hazivuki upana wa vyumba viwili. Mwenyekiti akamtazama, akamuuliza taratibu, "Ndugu Mcha, unatutisha?" Watu wote wakainamisha vichwa. Mcha akasema hapana, hatishi mtu, akatia saini. Kazi ya kuvunja ilipangwa kuanza Jumatatu inayokuja. Na ghorofa ya kwanza ya nyumba ile tayari walikuwamo kinamama thelathini wanaojifunza kushona, na cherehani zao.

Alasiri hiyo alirudi kwake Kikwajuni, akakataa chakula, akautandaza waraka mkekani. Mkewe, Mwatima, alimuona uso ulivyomsawijika.

"Una nini, Baba Wanu?"

"Natafuta mtu," alisema, akainamia karatasi.

Alianza na taipureta, akaona haimsaidii, maana mashine za ofisini zote zilikuwa za aina moja na utepe umechakaa sawasawa. Akaenda kwenye maneno. Haya nayo yalimshangaza. Kila alipofika kwenye sentensi ya maana aliiona ni yake mwenyewe, neno kwa neno, ile aliyoiandika akiwa kijana wa miaka ishirini na saba. Mwandishi hakuongeza lake ila viungo: "kama alivyosema", "tena anaeleza", "zingatia". Mtu huyu alikuwa na ripoti mbele yake, hakuandika kwa kukumbuka.

Kisha akatazama kurasa. Habari ya boriti kukutana juu ya ukuta, waraka ulisema iko ukurasa wa kumi na nne. Mcha alikumbuka vizuri kwamba iko ukurasa wa kumi na moja, kwa sababu ukurasa wa kumi ulikuwa na picha ya nyumba aliyoichora kwa wino, na habari ile ilifuata papo hapo. Akatazama pengine. Kila ukurasa uliotajwa ulizidi kwa mbili au tatu.

Ndipo akakumbuka nakala ya pili.

Ripoti ile ilikuwa haipo tena. Mchwa waliila mwaka wa sitini na sita, pamoja na majalada mengine ya rafu ya chini. Kabla haijateketea yote, mtunza majalada, Bi Hija, aliinakili upya kwa taipu, na kwa kuwa alipenda kuacha nafasi pana pembeni, kurasa ziliongezeka. Nakala hiyo ilikuwa moja tu, na ilikaa ndani ya kabati lake, chini ya ufunguo aliouvaa shingoni.

Bi Hija alikuwa mwanamke wa makamo, mjane, mtu wa Tumbatu kwa asili. Binti yake Tabia ndiye aliyekuwa akifundisha kushona kule Kiponda.

Usiku ule Mcha hakupata usingizi. Jina lilikuwa mdomoni mwake, jepesi, silabi mbili tu. Angelitaja, angerudi mezani kwake na watoto wangekula. Kila mara fikra ile ilipomjia aliisukuma, na kila mara ilirudi imekaa vizuri zaidi kuliko mwanzo. Alijiogopa.

Alkhamisi, watu walipokwenda kusali adhuhuri, alishuka chumba cha majalada.

"Shikamoo, Bi Hija."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umepauka hivyo?"

Mcha alimwekea waraka mezani, akabonyeza kidole pale palipoandikwa ukurasa wa kumi na nne. "Mie niliandika ukurasa wa kumi na moja," alisema.

Bi Hija alitazama kidole, akatazama mlango, kisha akaketi polepole kama mtu anayeumwa kiuno. "Umenijua kwa ukurasa," alisema.

"Mbona hukuniambia kwanza? Mbona umenitia mie tu humo, mara saba?"

"Ningemtaja nani? Wewe ndiye uliyeyaandika. Mie nimekukumbusha."

"Na mbona hukutia jina lako?"

"Na wewe kwenye mchoro," alisema Bi Hija, "mbona ulitia lako?"

Mcha alisikia watu wakirudi kutoka msikitini, viatu vikigonga ngazini, na wote wawili walinyamaza mpaka vilipopita.

"Nakala ile ichome," Mcha alinong'ona. "Leo hii. Akiiona mwengine atahesabu kama nilivyohesabu mie."

"Ntaichoma, kisha?" Bi Hija alitikisa kichwa. "Ya kwanza imeliwa na mchwa. Hii ikenda, hakuna ripoti duniani inayosema ukuta ule unabeba nini. Jumatatu watavunja, na mwanangu yuko juu." Akavuta pumzi. "Kama kunitaja ndiko kutakuponya, nitaje. Sitokulaumu. Lakini karatasi sichomi."

Siku iliyobaki na Ijumaa yake Mcha alizipitisha kama mgonjwa. Mlango ukigongwa, alishtuka. Ijumaa gari lilisimama nje ya nyumba ya jirani na yeye akajikuta kasimama uani, mkono juu ya ukuta wa nyuma, tayari kuparamia, mpaka aliposikia wanashusha magunia ya mchele.

Jumamosi asubuhi aliingia kwa Mwenyekiti. Usi, fundi mkuu wa nyumba ya Kiponda, alikuwamo pia, amekaa pembeni na kofia mapajani.

"Jina," alisema Mwenyekiti.

"Mcha Msabah," alisema Mcha.

Mwenyekiti aliegemea kiti. "Jumatano uliapa."

"Niliapa kuwa sikuupiga taipu, na sikuupiga. Lakini nimeusoma mstari kwa mstari, Ndugu Mwenyekiti. Ukiyatoa yaliyo yangu, hazibaki hata sentensi tatu. Aliyenakili ni kama mtu aliyebeba mzigo wa mwenzake. Mwenye mzigo ni mie. Niliyasema mwaka wa sitini na tatu, na nayasema leo: ukuta ule ukivunjwa, dari itakuja chini. Mchoro wangu ni wa makosa. Nilitia saini kwa woga."

Usi aliitazama kofia yake.

"Alaa," alisema Mwenyekiti kwa ile sauti yake ya chini. "Basi hatungoji Jumatatu. Tunakwenda sasa. Usi atavunja, na wewe utasimama pale pale chini, tuone hilo dari lako."

Walikwenda kwa miguu kupita vichochoro, Mwenyekiti mbele. Mcha alimsikia Usi akimnong'oneza, "Kaa karibu na mlango, bwana wee." Walipofika Kiponda, sauti ya cherehani ilisikika kutoka juu.

"Kwanza washuke kinamama," alisema Mcha.

"Hakuna anayeshuka. Unataka kuzusha fujo?"

Hapo ndipo Mcha alipofanya jambo ambalo baadaye hakuweza kulieleza. Alipanda ngazi mbio, akausukuma mlango na kupaza sauti, "Shukeni! Nyote! Wacheni cherehani!" Tabia alimtazama mara moja tu usoni, akapiga makofi, na kinamama wakaanza kuteremka, wengine na vitambaa vyenye sindano mikononi. Mwenyekiti alisimama chini ya ngazi, akakosa la kufanya mbele ya wanawake thelathini wanaompita wakimwamkia.

"Vunja," alimwambia Usi walipokwisha kutoka.

Usi alimtazama Mcha, Mcha akarudi kusimama chini ya ukuta kama alivyoamrishwa. Nyundo ilipiga. Chokaa ilidondoka, kisha jiwe, kisha jiwe la pili. Mawe manne ya juu yalipotoka, hakikutokea kitu, na Mwenyekiti, aliyesogea karibu kutazama, akatabasamu. Usi akapiga la tano.

Sauti ilitoka juu, fupi na kavu, kama mfupa. Vumbi likaanza kumiminika kwenye mstari mmoja ulionyooka, na Mcha aliona kichwa cha boriti kikitoka polepole ndani ya ukuta, kwa upana wa kidole, kisha viwili. Hakukimbia. Alimshika Mwenyekiti kwenye kola, akamvuta kuelekea mlangoni, Usi akawafuata, na wote watatu walianguka barazani pamoja. Nyuma yao boriti tatu ziliporomoka na kipande cha sakafu ya juu, na cherehani mbili zikashuka nazo. Jiwe lilimpata Usi begani likamvunja mfupa.

Walikaa barazani weupe kwa vumbi. Mwenyekiti alikohoa muda mrefu. Kisha akasema, bila ya kumtazama mtu, "Wekeni vigogo vya kuegemeza. Ukuta urudishwe."

Mcha alingoja kukamatwa wiki nzima. Hakuna aliyekuja. Wiki ya pili Mwenyekiti alipeleka kwa wakubwa ripoti ya karatasi tatu juu ya hatari za kuvunja kuta za kati katika majumba ya zamani, imetiwa saini ya Abrahman Jaku. Bi Hija ndiye aliyeletewa nakala aifungulie jalada, na alipoisoma aliona ni waraka wake mwenyewe, haukubadilishwa ila jambo moja: pote alipokuwa ametajwa Mcha Msabah pameandikwa "uchunguzi wetu". Aliandika jina la Mwenyekiti juu ya jalada kwa mwandiko wake mzuri, akalitia kabatini, na hakumwambia mtu isipokuwa Mcha.

"Umeona?" alimwambia. "Sasa ni lake."

"Na liwe lake," alisema Mcha. Aliona faraja, na aliona uchungu pia, na hakujua upi mkubwa.

Ukuta wa nyumba ya Kiponda ulitobolewa milango miwili ya upinde badala ya kuondolewa. Usi alirudi kazini mkono ukiwa hauinuki sawasawa. Mcha naye aliendelea kushtuka kila mlango ulipogongwa, na Mwatima akazoea kuita kwanza kwa jina kabla ya kuingia chumbani.

Mwezi wa Ramadhani ulipokaribia, Mwenyekiti alimwita tena. Mezani palikuwa na mchoro wa nyumba nyengine, ya mtaa wa Malindi, uliochorwa na mtu mwengine, ukingoja saini ya msimamizi.

"Wanautaka leo," alisema Mwenyekiti.

Mcha alitazama kalamu aliyosogezewa. "Nnaomba siku mbili, Ndugu Mwenyekiti," alisema. "Nyumba yenyewe sijaiona."

Mwenyekiti alimkazia macho.

"Siku moja," alisema, akageukia karatasi zake.

Mcha aliuchukua mchoro, akatoka, akaelekea Malindi kwa miguu, kwenda kuiona nyumba.