Mguu wa Kushoto wa Wifi

Wifi yangu alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kwa miaka thelathini na moja, na mpaka leo hajakubali kwamba amestaafu. Barua aliipokea, keki aliikata, hotuba aliisikiliza, lakini moyoni hakuafiki. Siku ya kwanza alipopanda ngazi kuja chumba changu cha kukandia, ghorofa ya pili juu ya duka la vipuri vya magari, alisimama mbele ya ubao niliouweka ukutani, akausoma kwa sauti kutoka juu mpaka chini, akachomoa kalamu kwenye mkoba, akaongeza mkato mmoja. Kisha akavua viatu.

"Tutaanza na namba moja," akasema.

Ubao ule una aina sita za masaji. Namba moja ni masaji laini ya mafuta, viganja vinakwenda polepole mwili mzima. Hulegeza misuli na kumrudishia usingizi mtu aliyeukosa. Namba mbili ni masaji ya kina, ya vidole gumba na vifundo, kwa misuli iliyokaza miaka na miaka. Inauma, na kesho yake unashukuru. Tatu ni ya mawe ya moto, kwa wenye baridi viungoni na kwa wanaopenda kupigwa picha wakiwa na mawe mgongoni. Nne ni ya wanamichezo, ambayo mara nyingi nawafanyia watu wasiocheza chochote. Tano ni ya kiti, kwa watu wa ofisini: shingo na mabega, dakika kumi na tano, nguo mwilini. Sita ni ya miguu na nyayo, kwa wanaosimama kutwa nzima, kama wauzaji, walinzi na walimu.

Mtu wa kawaida huchagua kinachomfaa. Wifi aliuona ubao akaona silabasi. Aina moja kila mwezi, kwa mpangilio, bila kuruka, na mwisho wa kila somo maksi. Malipo hayakutajwa. Mimi ni mjane wa kaka yake, na yeye hakuona kwa nini alipie mikono iliyoolewa kwao.

Basi akalala kifudifudi, nikamfunika taulo, nikapasha mafuta kati ya viganja, nikavipitisha mara moja, mfululizo, kutoka kiunoni mpaka shingoni. Nikasimama.

Mume wangu alikuwa amefariki mwaka mmoja na miezi minne kabla ya siku hiyo. Na ule ulikuwa mgongo wake. Upana ule ule, bonde lile lile katikati, namna ile ile ya kupumua ubavu mmoja ukitangulia mwingine. Sura hawakufanana hata chembe. Yeye alikuwa mtu mzuri na mcheshi, na wifi ni wifi. Lakini watu wengine hutambua ndugu kwa sura, mimi hutambua kwa migongo, na ukishatambua kwa vidole huna namna ya kufumba macho. Nilikanda dakika arobaini huku nimeangalia ukuta.

Aliinuka, akavaa miwani, akafikiri.

"Sita kwa kumi. Mikono mizuri. Umakini hamna."

Mwezi wa pili alipokuja kwa namba mbili nilimuuliza kama amekula. Akasema amekula. Nikamwambia basi haiwezekani, masaji ya kina na tumbo lililoshiba havipatani. Hilo lina ukweli kidogo, ila yeye alikuwa amekula ndizi moja. Mwezi wa tatu nikamwambia presha yake haistahimili mawe ya moto, nami sikuwa hata na kipimo. Mwezi wa nne niliishiwa, nikamwambia kuwa katika mwezi aliozaliwa mtu misuli yake hulala, na ukiikanda utaishtua. Alitoa daftari akaandika. Wiki mbili baadaye jirani yake alinipigia simu kuuliza kama misuli yake imelala, maana yeye hana uhakika na tarehe aliyozaliwa. Hilo linanitia aibu kuliko yote, kwa sababu wifi hufundisha kila anachoambiwa.

Mwezi wa tano sikufungua mlango kabisa. Nilikaa sakafuni nyuma ya kitanda nikamsikiliza akibisha, nami ni mwanamke wa miaka hamsini na tatu.

Alhamisi moja ya mwezi wa sita akaja bila taarifa, na mlango ulikuwa wazi. Alikuwa ametoka kwa binti yake siku tatu nyuma, saa kumi na nane ndani ya basi. Alikaa kiti cha dirishani, na njia nzima hakushuka hata mara moja.

"Vile vyoo vya njiani si vya binadamu," alisema. "Kwa hiyo sikunywa maji, na kwa hiyo sikuwa na sababu ya kushuka. Sasa mguu huu wa kushoto umekaza. Nipe namba sita. Na leo sitaki hadithi."

Miguu nilikuwa naiweza. Mguu ni mguu, haumkumbushi mtu yeyote. Nilimlaza chali, nikapandisha gauni mpaka magotini, nikaanza na kulia. Ulikuwa mguu wa mwalimu, mkavu, mgumu, hauna tatizo. Nikahamia kushoto.

Shavu la mguu lilikuwa limevimba. Ngozi ilivutika ikang'aa, na kabla sijaigusa niliusikia moto wake kwenye kiganja. Nilibonyeza kidogo sana kwa kidole kimoja, wifi akavuta pumzi kwa meno. Nikachukua utepe wa kupimia ambao huwa nafungia pazia, nikapima. Kulia, sentimita thelathini na nne. Kushoto, thelathini na nane.

Nilipojifunza kazi hii, aliyetufundisha alikuwa na jambo moja alilolirudia mpaka tukamchukia. Mguu mmoja umevimba, una moto, unauma, na mwenye mguu katoka safari ndefu: usiukande. Inawezekana damu imeganda ndani ya mshipa. Ukisugua, lile bonge linaweza kung'oka, likasafiri mpaka mapafuni, na mtu akafa mikononi mwako huku anakwambia ongeza nguvu kidogo.

"Wifi," nikasema, "sikukandi. Tunakwenda hospitali sasa hivi."

Alijiinua kwa viwiko, akanitazama juu ya miwani.

"Hospitali."

"Inawezekana damu imeganda mguuni."

"Mwezi wa pili nilikuwa nimeshiba," akasema. "Wa tatu presha. Wa nne misuli ilikuwa imelala. Wa tano ulijificha nyuma ya kitanda, nikachungulia chini ya mlango nikaona nyayo zako. Leo damu imeganda. Mwezi ujao itakuwa nini, nimekufa?"

"Ukikandwa leo, ndiyo."

Alicheka, lakini si cheko la furaha. "Wifi, kama hukutaka kunigusa ungesema. Miezi yote hii unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa." Akashuka kitandani. Kiatu cha kushoto hakikuingia, akakishika mkononi. "Nakwenda kwa Kiwiko. Yeye angalau hana maneno."

Kiwiko ni mchuaji wa upande wa pili wa barabara, nyuma ya duka la magodoro. Hana ubao, kwa sababu anajua aina moja tu, na jina lake linaieleza yote. Watu hutoka kwake wakilia na wiki ijayo hurudi. Tulikuwa hatujasalimiana miaka miwili, tangu alipomwambia mteja wangu kwamba mikono yangu ni ya kupaka losheni.

Ningemshika wifi mkono. Ningepiga kelele, ningekaa mlangoni. Lakini alikuwa amenibana kwa ukweli mtupu, na mimi nikiumbuliwa huwa nakasirika. Nikasema, "Haya, nenda."

Niseme wazi: nilisema nenda, kwa mdomo wangu.

Nikamsikia akishuka ngazi, hatua moja nzito na moja nyepesi. Nilikunja taulo. Nikalikunjua nikalikunja tena. Ndipo nikauona mkono wa Kiwiko akilini mwangu, jinsi anavyouegemeza mwili mzima juu ya kile kifupa cha kiwiko na kukisukuma kutoka kifundoni mpaka nyuma ya goti. Nikakimbia. Huwa nafanya kazi peku, kwa hiyo nilivuka barabara peku, na dereva mmoja akaniambia mambo kuhusu mama yangu ambayo sikuwa na nafasi ya kuyajibu.

Nilipofungua pazia wifi alikuwa amelala kifudifudi, uso ndani ya tundu la kitanda. Mafuta yalishapakwa. Kiwiko alikuwa amekunja mkono, kiwiko kimesimama hewani juu ya shavu la mguu, anaelezea mechi ya juzi.

"Usimguse!"

"Dada," akasema Kiwiko, "watu hubisha hodi."

"Hodi. Usimguse huo mguu."

"Usimsikilize," ilisema sauti ya wifi kutoka chini ya kitanda. "Endelea."

Kiwiko alinitazama, akautazama mguu. Ana mapungufu mengi, lakini huheshimu mteja. "Mteja kasema niendelee," akasema, na akashusha mkono kidogo.

Nikajua kwamba habari za mishipa hazitanisaidia. Zilikuwa kweli, lakini zilitoka katika mdomo ule ule uliosema misuli hulala.

"Wifi, nilikudanganya," nikasema. "Tumbo, presha, misuli, vyote nilitunga."

"Hilo nalijua. Tangu misuli."

"Hujui kwa nini."

Kiwiko alibaki na mkono wake hewani.

"Mgongo wako ni wa kaka yako," nikasema. "Ni ule ule. Nikiugusa namgusa yeye, halafu nikiinua taulo nakukuta wewe. Nilishindwa. Nilishindwa na kukwambia pia, maana ungedhani nakuchukia, na siku nyingine kweli nilikuchukia, kwa kuwa wewe upo na yeye hayupo. Ndiyo maana nikatunga. Lakini huu ni mguu, wifi. Mguu sina sababu ya kuukimbia. Usiniamini kwa kitu kingine chochote. Niamini kwa mguu tu."

Upande wa pili wa ukuta mtu alikuwa akijadiliana bei ya godoro.

Kiwiko alishusha mkono ukaning'inia ubavuni. Akaweka mgongo wa kiganja kwenye mguu wa kulia, kisha kwenye wa kushoto, akauondoa haraka.

"Mama," akasema, "una moto huu. Mimi siukandi. Siukandi." Nadhani hakuwahi kulisema neno hilo tangu aanze kazi, maana alilisema mara mbili, kama anayejaribu kiatu.

Wifi aliinua kichwa. Tundu la kitanda lilikuwa limemwachia duara jekundu usoni. Alinitazama, macho yamelowa, bila miwani.

"Nipeni kiatu changu," akasema.

Kiwiko hakumruhusu kukanyaga chini. Alimbeba mikononi mpaka kwenye teksi, na njia nzima wifi alimwelekeza jinsi ya kuinua kitu kizito bila kuumiza kiuno.

Hospitali walimpaka mguu jeli, wakapitisha kifaa, wakatuonyesha kwenye skrini kitu cha kijivu ambacho mimi nilikiona kama kila kitu kingine cha kijivu. Daktari alisema bonge lilianzia nyuma ya goti likapanda mpaka pajani. Akauliza kama kuna mtu aliyeukanda. Tukasema hapana. Akasema, "Bahati," akaendelea kuandika, na mimi nikatoka kwenda kukaa kwenye ngazi.

Siku ya tatu nilikwenda saa ya kuona wagonjwa, na nguo safi na miwani yake, ambayo ilikuwa imebaki kwa Kiwiko. Mguu ulikuwa juu ya mto. Alikuwa anachomwa sindano kila siku ili damu isiendelee kuganda, na hata bila miwani alishawafahamisha wauguzi makosa mawili kwenye tangazo la ukutani. Tuliongea habari za binti yake, za basi, za uji wa hospitali. Kisha akavaa miwani.

"Alikuwa anaumwa wapi?" akauliza.

Sikuuliza nani. "Chini ya bega la kushoto, karibu na uti wa mgongo. Palikuwa na fundo. Nilikuwa namkanda kila Jumapili na halikulainika."

"Hakuwahi kuniambia."

"Hakumwambia mtu. Hata mimi nilipaona kwa vidole tu."

Kisha akaanza kugeuka, polepole, mguu umebaki kwenye mto, mpaka akalala kwa ubavu wa kulia na kunipa mgongo. Gauni la hospitali halikufungwa kamba.

"Nionyeshe," akasema.

Mikono yangu ilikuwa baridi, nikaisugua kwanza. Nikaweka kidole gumba chini ya bega la kushoto, karibu na uti wa mgongo, bila kukandamiza. Lilikuwapo.

"Hapa."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nimekanda watu wengi wakilia, sihitaji kuona uso.

"Hapo hapo," akasema. "Miaka yote hii nilidhani ni langu peke yangu."

Nikakilaza kiganja chote pale, sikukanda, na mimi pia nikalia. Muuguzi alipita akisema muda wa kuona wagonjwa umekwisha, akatutazama, akaenda kuanza na chumba kingine.