Tembo Halilali

Mume wangu, Silima, ni mgema. Jumapili asubuhi alishuka mnazini na dumu la tembo tamu, la kuumulia mikate ya hitima ya mama yangu. Njiani polisi akamkamata, eti kabeba pombe.

"Onja, afande, bado tamu," Silima alimwambia.

"Mie Muislamu. Sionji."

Jumapili mahakama haifunguliwi. Silima akalala mahabusu, dumu likalala kituoni. Lakini tembo, hata mtoto wa hapa kijijini kwetu Mgogoni anajua, halilali: linachacha.

Jumatatu hakimu alifungua kifuniko. Povu likamrukia mkononi, chumba kizima kikanuka. Akamfunga Silima miezi sita.

Hitima tumeisoma jana kwa mikate iliyokataa kuumuka. Afande yule yule alikuja, akala, akaitikia amin. Pombe kaitengeneza yeye, kituoni kwake. Kufungwa kafungwa mume wangu.