Gunzi Chini ya Injini

Mke wangu Atuganile hakuniomba nibadilishe oili siku ile. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Hasamba wanapenda kusema mwanamke ndiye aliyemharakisha mumewe. Aliniomba jambo moja tu: saa nane mchana lori liwe tayari, tupakie magunia yake kumi na mawili ya kahawa mbivu, tuyafikishe kwenye mashine ya kumenyea ya kikundi chetu cha wakulima kabla haijafungwa saa kumi na moja. Kahawa mbivu haina subira. Ukiichuma asubuhi isipomenywa siku hiyohiyo, inapata joto ndani ya gunia na kuanza kunuka pombe.

Yalikuwa mavuno yake ya kwanza. Miaka minne nyuma kaka yangu Gibson, ambaye ndiye mkubwa wetu tangu baba afariki, alimpa kipande cha ardhi ya ukoo chenye mawe matupu, akasema mbele ya watu, "Shemeji, lima. Mavuno ya kwanza yakifika magunia kumi kwenye mzani wa kikundi, shamba ni lako. Yasipofika, nawapa vijana." Vijana maana yake wanawe. Atuganile akang'oa mawe, akabeba samadi kichwani miaka minne. Asubuhi ile wanawake wenzake walimsaidia kuchuma, na gunia la kumi na mbili liliposhonwa alicheka peke yake. Nilifurahi mpaka nikatafuta kazi ya kufanya.

Hapo ndipo nilipolikumbuka lori. Ni kuukuu, na oili yake ilikuwa imepitiliza muda, nyeusi kama masizi ya jikoni. Nilikuwa nimemtazama fundi Masudi wa gereji ya pale Mpemba akiibadilisha mara nyingi: unafungua nati ya chini, unamwaga, unafunga, unajaza. Nikasema kazi hii hata mbuzi angeiweza. Kumwaga nilimwaga vizuri. Tatizo lilikuja kwenye kufunga, maana nilitaka nati ikaze kweli, nikachomeka bomba refu kwenye spana ili nipate nguvu. Nikavuta. Nati ikakaza, ikakaza, halafu ikaanza kuzunguka bure. Meno yalikuwa yamekwisha.

Nikampigia Masudi.

"Mzee Nathanaeli, usiliwashe hilo!" akasema. "Nakuja na nati kubwa zaidi. Ila nipo chini ya gari la mtu, labda saa kumi hivi."

Saa kumi! Nilitoka uvunguni nikayatazama yale magunia kumi na mawili.

Sasa, kwetu kila chenye tundu huzibwa kwa gunzi la mahindi. Chupa ya mafuta ya taa, dumu la togwa, kibuyu, hata shimo la panya. Marehemu baba aliziba bomba la kupulizia dawa kwa gunzi na likadumu misimu miwili. Basi nikaichomoa ile nati, nikachagua gunzi gumu, nikalichonga, nikalizungushia mpira wa tyubu, nikalipigilia kwa nyundo pale palipokuwa na nati. Nikamimina oili mpya. Halikudondoka hata tone. Nikajiona mhandisi.

"Tayari, Baba Mercy?" Atuganile akauliza.

"Tayari," nikasema. Neno hilo linaniuma mpaka leo.

Tulikuwa nusu ya njia, tunapanda kilima, injini ilipoanza kugonga. Taa ya oili ilikufa kabla sijalinunua lile lori, kwa hiyo hakuna kilichonionya. Iligonga ko, ko, ko, kisha ikakaba na kunyamaza. Nikawasha, kimya. Nikawasha tena, kimya. Nyuma yetu mstari mweusi wa oili ulikuwa umechorwa vumbini kutoka bondeni. Atuganile akashuka, akaufuata. Aliporudi alikuwa ameshika kitu kwa ncha za vidole.

"Baba Mercy, hiki nini?"

"Gunzi."

"Naona ni gunzi."

Tulipiga simu kwa kila mwenye gari tuliyemjua, na kila gari lilikuwa na kahawa ya mwenyewe. Ilipokaribia saa kumi ikapita bodaboda moja. Ingeweza kumbeba yeye na magunia mawili, na kwa ile barabara isingewahi kurudi tena. Atuganile akagusa gunia moja moja, akachagua mawili, akapanda. Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

Nikabaki na kumi. Waliopita walisema pole, baba, na mimi nikaitikia asante kama mfiwa. Nilipoingiza mkono ndani ya gunia, kahawa ilikuwa na joto. Nikayafungua midomo yote yapate hewa, kisha nikajikuta nayapepea kwa kofia. Mtu mzima, magunia kumi, kofia moja.

Alirudi kwa miguu jua likiwa linashuka. Alisema Ketrina, karani wa kikundi, alikuwa ameyapima mawili, na kaka Gibson alikuwa amesimama palepale kwenye mzani.

"Akaniuliza, shemeji, haya tu? Nikamwambia miti bado michanga."

"Kwa nini hukusema ni mimi?"

"Watu walikuwa wengi pale. Wangekucheka mpaka uzeeni."

Nilihisi aibu ambayo sikujua pa kuiweka. Nikatoa simu, nikampigia Gibson palepale mbele yake, nikaeleza yote: nati, bomba, gunzi, magunia kumi yaliyo mbele yangu, aje ayahesabu mwenyewe. Akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, nikamsikia akiwasimulia waliokuwa naye, nao wakacheka. Nilivumilia, nikijua kicheko kile ndicho bei ya shamba.

Kisha akatulia. "Mdogo wangu, nakuamini kabisa. Lakini tulisema mzani. Ukianza kuhesabu kahawa za barabarani, ukoo utakwisha." Akakata.

Nikapiga tena. Hakupokea.

Atuganile alikuwa ametandika turubai kando ya lori, anamwaga kahawa ili angalau ikauke na maganda yake.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Amesemaje?"

"Amecheka."

"Hilo nimelisikia." Akasawazisha kahawa kwa kiganja. "Na shamba?"

"Anasema tulisema mzani." Atuganile akaenda kuvuta gunia lingine.