Muti wa Mwalimu Léon

Mwalimu Léon alikuwa mtu wa Moanda, kule baharini, na vita ilikuwa imemkatia njia ya kurudi kwao. Ili kupoza hamu ya nyumbani alipanda uani mwa nyumba aliyopanga, pale Kimemi, mtaa wa Butembo, mbegu ya muti wa kwao, ule wenye majani mazito yasiyopukutika na kivuli cha kutosha familia nzima. Ulimea mpaka kiunoni, kisha baridi ya Butembo ikaanza kuukunja. Léon akaufunika kwa blanketi yake, yeye akawa analala na koti.

Asubuhi moja ya ukungu, askari wa doria aliona kitu kimechuchumaa chini ya blanketi.

"Simama," aliamuru. Kitu hakikusimama. "Inua mikono."

Mwenye nyumba, Mama Marie-Jeanne, akatoka na ufagio. "Iko muti," alisema. "Ni ya mwalimu. Inasikia baridi."

Askari akafunua, akatazama majani, kisha akamtazama Léon aliyekuwa akitetemeka mlangoni.

"Mwalimu, mi natoka Mbandaka, kule kwa joto," alisema. "Miye pia nasikia baridi." Akajifunika ile blanketi, akaenda nayo.

Marie-Jeanne alicheka mpaka akakaa chini. "Donc peleka muti Beni," alisema. "Kule joto iko bure."

Léon alipanda lori, muti mapajani, mizizi ndani ya gunia, akaupanda Bungulu, mtaa wa Beni, kwa dada yake mama huyo, naye akabaki huko. Vita ilipoisha, muti ulikuwa umepita paa. Njia ya Moanda ikafunguka, lakini Léon alisema angengoja kidogo, maana kivuli ndiyo kwanza kilikuwa kimeanza kumtosha.