Pilipili Ataka Kusemwa

Hivi wewe, umewahi kumwonea mtu wivu kwa kuwa kagombezwa? Pilipili alimwonea, tena wivu wa kukosesha usingizi.

Mama yake alikuwa bingwa wa kusema watu. Akianzia kikombe ulichokiacha mezani, atapitia soksi zako, nywele zako, mpaka mkoba ulioupoteza darasa la kwanza. Kaka mkubwa, na ndevu zake na watoto wake, akija kusalimia husemwa hadi aanze kutazama viatu vyake. Kasuku, kitinda mimba, yeye husemwa kila asubuhi kabla ya chai.

Lakini Pilipili hata siku moja. Tangu utotoni alitembelea kiti cha magurudumu, na mama alijiapia kwamba huyu hatamnyanyulia sauti. Basi binti wa watu, fundi cherehani mwenye wateja wake na ulimi uliompa jina, akawa nyumbani kwao kama mgeni wa heshima. Wenzake wakitaniana, "Jana ulikula za uso, eh?", yeye hana la kuchangia.

Siku hiyo akaamua: leo na mimi nasemwa.

Akatia chumvi kwenye chai ya mama. Mama akapiga funda, macho yakamtoka, akameza.

"Ahsante, mwanangu. Imekolea."

Pilipili akaenda uani kwenye matope, akarudi kupitia sebuleni, sakafu imetoka kupigwa deki sasa hivi. Magurudumu yakachora njia mbili kutoka mlangoni hadi kabatini. Mama akazitazama, akashusha pumzi.

"Kasuku! Mbona hukumfuta dada yako magurudumu?"

"Jamani, mama! Mimi nilikuwa naoga!"

"Kutwa kuoga, kwani wewe samaki?"

Pilipili nusura alie. Matope yake mwenyewe, halafu anasemwa mwingine!

Ikabaki shuka nyeupe ya wageni, ile yenye maua aliyoyadarizi mama kwa mkono wake. Pilipili akaivuta kambani, akaitandaza sakafuni, akapita juu yake. Akarudi kinyumenyume. Akapita tena.

Mama akatokea na beseni. Mdomo ukafunguka, shingo ikavimba, akaufumba.

"Mama, usimeze maneno!" Pilipili akamkamata gauni. "Kasuku unamsema. Kaka na ndevu zake unamsema. Kwani mimi uliniokota?"

Beseni likaanguka, pwaa!

"Nikuokote wapi, na ubishi huo ni wa baba yako mtupu? Chumvi ile nimekunywa kikombe kizima, tumbo linanguruma mpaka sasa! Vipande vyako vya uzi navitoa hadi kwenye sukari! Miaka yote hii maneno yananiwasha kooni, nanyamaza, kumbe unanitafuta! Haya, shuka hiyo utaifua wewe, kwa mikono yako, mpaka niyaone maua yangu. Na ole wake Kasuku akikusaidia!"