Maneno Yaliyombakia Cheche

Kiharusi kilimkuta Cheche karakanani, ameinama juu ya geti la watu, miwani ya kuchomelea ikiwa usoni. Wenzake walidhani anakagua kiungo. Alipochelewa kuinuka, mmoja akamgusa bega, naye akalala upande taratibu kama mtu aliyechoka.

Hospitalini walimwokoa. Mguu ulirudi vizuri, mkono wa kulia ukarudi nusunusu. Maneno hayakurudi. Na huyu alikuwa mtu wa maneno. Jina la Cheche hakupewa kwa sababu ya kazi peke yake. Mdomo wake nao ulikuwa unachoma. Mteja akija kulalamika kwamba dirisha alilotengenezewa haliingii ukutani, alijibiwa kwamba dirisha liko sawa, ni nyumba ndiyo iliyokosewa.

Sasa alikuwa anakaa sebuleni kutwa nzima, na neno lililombakia lilikuwa moja.

"Nikuletee chai?" mkewe alimuuliza.

"Amina."

"Au uji?"

"Amina."

"Baba, chai au uji?"

"Amina!" Akaupiga mkono wa kiti kwa ule mkono wake mzima, machozi ya hasira yakimlengalenga.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Mtaani walimwita Mama Pindo, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyekunja pindo la suruali likanyooka kama lake. Cherehani alikuwa amekihamishia sebuleni ili amwangalie mgonjwa huku akishona sare za shule. Watu wa kanisani walikuja kuwajulia hali, wakamkuta mzee anaitikia amina kwa kila jambo, wakaondoka wakishangaa jinsi Mungu alivyomshukia mtumishi wake. Mama Pindo aliwasindikiza mpaka mlangoni, akatabasamu, akafunga mlango, akarudi kukaa mbele ya cherehani bila kushona. Yeye hakuona kitu kilichoshuka. Aliona mume aliyeshindwa kuomba maji.

Kusali nako kulikuwa kumemwia kugumu. Hakuacha. Alipiga magoti kila asubuhi kama alivyozoea tangu usichana wake, akaikimbiza Sala ya Bwana juu mpaka chini kama mtu anayeshuka ngazi za nyumbani kwake, akainuka akaenda kuwasha jiko. Moyoni hapakubaki kitu. Siku moja, mkono ukiwa kwenye gurudumu la cherehani, alimwambia Mungu waziwazi: "Umemwachia neno moja, tena la kukubali. Huyu mtu hajawahi kukubali kitu maishani mwake. Unamtania?" Akaogopa kidogo baada ya kusema hivyo. Kisha akatambua kwamba tangu siku ya hospitali hakuwa amesema na Mungu kwa moyo wake wote kama alivyosema sasa hivi.

Hospitalini kulikuwa na mtaalamu wa matamshi, dada mmoja mtulivu, asiye na haraka na mtu. Alimsikiliza Cheche na amina zake, akamgeukia mkewe.

"Mama, kuna kitu mzee anachokijua kwa kukariri? Kitu alichokisema tangu utotoni?"

"Sala ya Bwana. Ni mzee wa kanisa."

"Mwanzishie."

Mama Pindo akatamka maneno mawili ya kwanza. Cheche akadaka, akaenda peke yake mpaka mwisho, sauti nzito, bila kukosea hata silabi. Mama Pindo alijishika mdomo.

"Amepona?"

"Nisikudanganye, mama. Hajapona. Maneno ya kukariri yana mahali pake kichwani, na ya kuongea yana mahali pengine. Hili analolisema linajitiririkia lenyewe, kama wimbo. Lakini tunaweza kupitia hapo. Muwe mnasali pamoja kila siku, polepole, mkisimama kwenye kila neno mpaka alitamke akiwa analifikiria. Akikwama, msubiri. Usimmalizie."

Hilo la kutokummalizia ndilo lililokuwa na kazi. Walisali asubuhi baada ya chai, wamekaa goti kwa goti. Neno, kimya. Neno, kimya. Cheche akikunja uso, shingo imemtoka mishipa, na Mama Pindo akikalia mikono yake mwenyewe ili isimsaidie. Siku za mwanzo, kwenye kile kimya, akili yake ilikwenda kwenye vifungo na kola. Baadaye ikaanza kubaki pale pale.

Asubuhi moja Cheche alikwama kwenye neno "leo". Alikwama hapo muda mrefu mno, na Mama Pindo, kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akalitazama lile neno. Alikuwa amelitamka tangu akiwa mtoto mdogo, na hakukumbuka kama aliwahi kusimama juu yake. Yeye alikuwa akiomba ya miaka ijayo: nani ataendesha karakana, itakuwaje mzee akianguka tena, nani atamnyanyua siku yeye mwenyewe atakapozeeka. Hakuna aliyemwambia aombe yote hayo kwa mkupuo. Leo mume wake alikuwa amekula, ameoga, na ngozi yake ina joto. Leo kulikuwa na kazi juu ya meza.

"Leo," Cheche alisema hatimaye, akihema.

"Leo," mkewe alisema.

Ilimtosha mpaka jioni. Kesho yake ilibidi aanze upya.

Maneno yakaanza kuchomoka kwenye sala moja moja na kuingia nyumbani. Chakula chochote kikawa mkate, hata kama ni wali. Karakana, ambayo aliililia kila siku akiinyooshea kidole dirishani, ikawa ufalme. Dawa zilikuwa maovu. Yule kijana wa kumnyoosha viungo, aliyekuja kumkunja mguu mpaka akalia, akipiga hodi tu Cheche alitangaza: "Majaribu!" na kijana akacheka mpaka akashika ukuta. Akimwaga chai, au akimkanyaga mkewe wakitembezana barazani, alisema: "Utusamehe." Mama Pindo alirudi kucheka kwa sauti, na majirani wakasikia.

Cheche alikuwa na dada yake mkubwa, na hawakuwa wakisemeshana. Mama yao alipougua, dada huyo ndiye aliyemuuguza miaka mingi, akamwogesha, akamlisha, akaacha kazi yake kwa ajili hiyo. Siku ya mazishi Cheche, kwa uchungu wake na mdomo wake, alisema mbele ya waombolezaji kwamba mama angekuwa hai kama angewahishwa hospitali. Dada yake aliinama akaokota viatu vyake, akaondoka, na hakukanyaga tena nyumbani kwa mdogo wake. Mama Pindo alijaribu kuwapatanisha. Cheche alisema neno lake halirudi nyuma.

Habari za kiharusi zilimfikia dada, akakaa nazo. Kisha alasiri moja akatokea mlangoni na mfuko wa machungwa.

"Wifi," alisema, hajavua viatu bado, "sijaja kuongea naye. Nimekuja kumwona."

"Pita, wifi. Hata ungetaka maongezi, mwenzako hana."

Akaketi mbali, karibu na cherehani. Cheche alimtazama. Mdomo ukaanza kucheza bila sauti. Ikatoka "amina", naye akatikisa kichwa kwa nguvu kuikataa. Akaanza tena. "U," alisema. "U…" Jasho likamtoka kwenye paji la uso.

"Ana nini?" dada akasimama. "Kimempata tena? Mpe maji!"

"Mwache, wifi. Anatafuta."

Mama Pindo alikwishajua ni neno gani. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake, angeweza kulisema kwa niaba yake na mambo yakaisha. Akauma midomo.

"Utusamehe," alisema Cheche.

Dada akakaa polepole, sasa kwenye kiti cha karibu.

"Hilo amelikusudia," aliuliza, "au ndilo linalomtoka tu? Nimeambiwa mtu akimuuliza saa, anajibu amina."

"Hilo hajawahi kulisema mahali pasipo pake. Na amina umeona alivyoikataa."

"Mbona amesema kwa wingi? Aliyenitukana ni yeye."

"Wifi, la umoja hana. Ana haya ya kwenye sala." Mama Pindo aliondoa uzi uliomng'ang'ania kwenye sketi. "Halafu na mimi nilikuwepo siku ile. Nilisikia, nikainama. Nihesabu humo humo."

Dada alijifuta macho kwa kiganja, mara moja, kama anayefuta jasho.

"Miaka yote hii nimejiandalia majibu," alisema. "Marefu! Mengine nayasema nikiosha vyombo. Leo nimekuja, mtu mwenyewe hawezi kunirudishia hata moja. Nitagombana na nani sasa?"

Hakusema kwamba amesamehe. Alichukua chungwa, akalimenya, akaanza kumlisha mdogo wake kipande kimoja kimoja, akimtolea kokwa kwanza.

"Mkate," alisema Cheche.

"Hili chungwa."

"Mkate."

"Ubishi hukupungukiwa hata kidogo, eti?" Akampa kipande kingine. "Haya basi. Mkate."

Alipoaga jua lilikuwa bado limo ndani ya sebule. Alisema atakuja siku nyingine, hakutaja lini. Cheche akamshika upindo wa gauni kwa ule mkono dhaifu.

"Kesho," alisema.

Mama Pindo, aliyekuwa anakusanya maganda, alisimama wima. Akaipitia sala yote kichwani, kutoka juu mpaka chini. Neno hilo halikuwemo. Mumewe alikuwa amelitoa kwingine.

Dada alikuja kesho yake, na akawa anakuja siku ambazo Mama Pindo anapeleka sare kwa wateja. Hawakukosa mikwaruzano: wifi aliamini mgonjwa hapaswi kukaa kwenye upepo, Mama Pindo aliamini upepo ndio unaomweka hai, na dirisha lilifunguliwa na kufungwa kila walipopishana. Mtaalamu wa matamshi alisema maneno mengine yangefuata, machache machache, na mengi yasingerudi. Ikawa hivyo. Mkono wa kulia haukuchomelea tena chuma. Lakini Cheche alianza kupelekwa karakanani asubuhi, akakaa kwenye kigoda, akawaonyesha vijana kwa fimbo mahali kiungo kilipokaa vibaya. Sentensi zake zilikuwa za maneno mawili au matatu, na bado zilichoma.

Jumapili moja mchungaji akamwomba Mama Pindo asimame atoe ushuhuda. Watu waligeuka kumtazama. Alisimama, akashika mgongo wa benchi la mbele.

"Mume wangu hajapona," alisema. "Tunasali asubuhi, polepole. Akikwama namsubiri, na mimi nikikwama ananisubiri. Ni hivyo tu."

Akaketi. Watu wakaendelea kungoja, wakidhani sehemu yenyewe inakuja. Mchungaji naye alingoja. Ndipo Cheche, pembeni ya mkewe, akanyanyua fimbo yake kuelekea kwaya.

"Amemaliza," alisema kwa sauti. "Imbeni."