Sauti ya Kwanza Hewani

Asubuhi ya maadhimisho ya redio yao, kaka na dada hawakusalimiana. Halikuwa jambo jipya. Kaka alikuwa meneja, dada msoma habari, na tangu wamzike baba yao, mwanzilishi wa redio ile, walikuwa wakisemezana kupitia kwa fundi mitambo.

"Mwambie asome nilichoandika, asiongeze lake," kaka alisema, na dada amesimama palepale.

"Mwambie nina masikio."

Fundi mitambo aliwapa mgongo wote wawili. Alikuwa anahangaika na waya wa hedifoni uliofungwa kwa plasta.

Ilikuwa redio ndogo ya masafa ya kati, habari na mazungumzo tu, muziki ni wa kuzibia pengo. Ilikuwa na mikwaruzo, na mvua ikinyesha ungedhani kuna mtu anakaanga kitu karibu na maikrofoni. Lakini ilifika mbali, na watu waliizoea kama kikohozi cha mzee wao.

Dada akasoma. Historia aliyoiandika kaka ilinyooka mno: baba alinunua mtambo chakavu, baba alisimamisha mnara nyuma ya gereji, baba ndiye sauti ya kwanza kusikika hewani. Kisha wakafungua simu kwa salamu za wasikilizaji. Wa kwanza akawapongeza. Aliyefuata akalalamikia mikwaruzo. Baada yake akaingia mwanamke ambaye hakusalimu.

"Baba yenu alikuwa na kigugumizi," alisema, sauti kavu, kila neno limekatwa vizuri. "Angekuwaje sauti ya kwanza? Sauti ya kwanza ni mimi."

Dada aliitambua. Alikuwa shangazi yao, dada wa baba, ambaye hakukanyaga kwao tangu wakiwa wadogo. Hata mazishini hakuja.

"Shangazi, uko hewani."

"Najua niko wapi. Nilikuwa hapo hujazaliwa."

Nyuma ya kioo, kaka alipitisha kidole shingoni: kata. Fundi akamtazama dada. Dada akatikisa kichwa kukataa.

"Ilikuwaje ukaondoka, shangazi?"

"Nani kakwambia niliondoka? Ghala la rafiki wa baba yako liliporomoka, likaua wapakiaji. Baba yako akanikataza kuisoma habari hiyo. Nikaisoma. Nimefika kwenye majina ya marehemu, akaingia, akang'oa waya wa maikrofoni mbele ya uso wangu. Kesho yake akawatangazia watu naumwa koo. Nilivyopewa pole sokoni! Watu wananiletea asali! Nikiwajibu kwa sauti yangu nzima, wanasema afadhali, unapata nafuu."

Fundi mitambo alicheka, akajiziba mdomo.

"Majina yale bado ninayo kichwani," shangazi akaendelea. "Leo nayamaliza."

Akaanza kuyataja, moja moja, kwa mwendo wa taarifa ya habari. Kaka akaufungua mlango wa studio kwa teke.

"Toka kwenye kiti!"

"Ngoja amalize."

"Unamvua nguo baba yako mbele ya watu?"

"Kajivua mwenyewe. Na wewe unamkunjia nguo."

Maikrofoni ilikuwa wazi. Yote hayo yalikwenda hewani. Kaka alipoiona taa nyekundu ya hewani, alikimbilia chumba cha mtambo, akazima kila kitu. Hedifoni zikafa. Aliporudi alikuwa ameshika mkoba wa dada, akamtupia kifuani.

"Redio hii ya baba yetu sote," dada alisema.

"Kamuulize kaburini."

Dada alikwenda moja kwa moja kwa shangazi. Mlango ulifunguliwa nusu.

"Shangazi, nimefukuzwa kwa ajili yako."

"Nilikutuma?"

"Nilidhani..."

"Ulidhani nitakukumbatia. Umekalia kiti changu miaka yote, unasoma ulichopewa. Leo kimekuchoma kidogo, unanijia na machozi. Majina yaliishia wapi?"

"Sikusikia vizuri. Tulikuwa tunagombana."

"Hata wewe hukuyasikiliza!"

"Basi nitajie yaliyobaki."

"Ukayapeleke wapi? Una redio?" Shangazi akafunga mlango, komeo likalia.

Redio ilirudi hewani jioni ileile, ikaomba radhi kwa hitilafu ya mitambo. Lakini kila simu iliyoingia ilimuulizia shangazi, hadi kaka akakifuta kipindi cha simu chote na kuweka nyimbo.

Dada alipata kazi ya kutangaza mabasi kwenye spika za stendi. Shangazi hupita pale na kapu lake, hageuzi shingo. Siku moja tu alisimama mbele ya kibanda, akasikiliza tangazo zima, akagonga kioo.

"Unameza maneno ya mwisho," alisema. "Fungua mdomo."

Akaenda zake.